Kilo Moja na Robo ya Mama Ngonyani

Laiti siku ile bosi aliponiuliza kama ninaweza kuihamisha ofisi nzima kutoka programu za kulipia kwenda zile za bure kabla ya mkutano wa wakulima, ningemjibu kwamba hapana, muda hautoshi. Nilijibu ndiyo. Nilijibu haraka, mbele ya watu, kifua kimenivimba, na aibu iliyofuata nimeibeba mpaka nimechoka, sasa naisimulia tu.

Nilikuwa meneja wa ofisi katika kampuni inayonunua mahindi hapa Songea. Bosi wetu, Bwana Haule, alikuwa amechoshwa na leseni za kompyuta zinazoisha kila mwaka na kupanda kila mwaka, akasikia kwa wafanyabiashara wenzake kuwa zipo programu huria, unazichukua na kuzitumia bila kudaiwa leseni na mtu, na kweli zipo, wala mimi sina ugomvi nazo hadi leo. Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa mzee pekee pale ambaye hakuhitaji kushikwa mkono ili afungue barua pepe (elimu yangu ni kidato cha nne, lakini watu wakikuita mtaalamu kila siku, mwisho unaitika).

Mtu wa kuulizwa alikuwa Kihwele, fundi wetu wa kompyuta. Kihwele ni Mhehe wa Iringa, mimi ni Mngoni, kwa hiyo sisi ni watani, kama walivyokuwa wazee wetu baada ya kupigana mpaka wakachoka, na katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumbuki tuliwahi kuzungumza vizuri bila kutukanana. Mimi nilimuuliza kama mbwa wa jirani yake bado wako hai (Wahehe tunawasingizia kula mbwa), yeye aliwaambia wageni kuwa mimi nilinunuliwa pamoja na meza. Mke wangu alipofariki, Kihwele alishuka kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na mimi ambaye tangu asubuhi sikuwa nimefungua mdomo nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka. Ndiyo kazi ya mtani.

Basi siku moja kwenye chai ya saa nne, wafanyakazi wote wapo, akaniambia kuwa Wangoni tumezoea kuvamia nchi za watu kwa siku moja, lakini programu hazivamiwi, nihamishe meza moja kwanza, faili za mizani zenye kilo za wakulima niziache mwisho, na programu za zamani na mpya zikae pamoja mpaka tuzilinganishe. Watu walicheka. Nikamjibu kuwa Mhehe anaogopa kitu cha bure kwa sababu hajawahi kupewa, wakacheka zaidi. Jioni alinifuata mlangoni.

"Mzee Komba, leo sitanii."

"Mhehe asiyetania ana homa," nikamwambia. "Nenda kapime."

Akaondoka. Na mimi, ili nimwonyeshe, nikangoja aende Mbinga kutengeneza mashine za tawi letu, nikahamisha kila kitu mwenyewe. Nilibofya ndiyo kila nilipoulizwa. Programu mpya ilipotaka kujua niko nchi gani na namba zetu huandikwaje, niliona ni swali la mtu asiye na kazi, nikachagua jibu lililokuwa juu (sikujua kuwa ziko nchi ambako kile kimkato tunachotengea maelfu, wao ndiyo nukta yao ya desimali). Nikachungulia faili ya mizani, majina yapo, safu zimenyooka, nikazifuta programu za zamani nikaenda nyumbani Ruhuwiko nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kupalilia.

Sasa mjue kwamba wakulima wetu wameibiwa na mizani za walanguzi tangu enzi za baba zao, na kitu pekee kilichowafanya watuuzie sisi ni kwamba kila mwisho wa msimu tulikwenda kijijini kwao Mpitimbi, tukawasha projekta ukutani, na kila mmoja akasomewa kilo zake mbele ya majirani, naye akasema ndivyo. Tukipoteza imani hiyo hatukuwa na kampuni.

Nilisoma mimi. Wale wa chini ya kilo elfu moja walitoka sawasawa, ndivyo, ndivyo, nikapata moyo, nikawa nasoma kwa madaha kama katekista siku ya Pasaka, mpaka nikafika kwa Mama Ngonyani, ambaye mahindi yake yaliletwa na trekta, nikatamka kwa sauti yangu mwenyewe kuwa alileta kilo moja na robo.

Mama Ngonyani aliinuka taratibu, akajifunga kanga.

"Baba Komba, hiyo kilo moja na robo niliileta kwenye kikombe?"

Watu walicheka, hata mimi nilicheka, halafu nikasoma anayefuata, naye alikuwa na kilo mbili, na hapo kicheko kikakatika. Sauti moja huko nyuma ikasema kuwa mizani imeanza kula. Wanaume wakasimama. Nikasema ni projekta. Nikazima, nikawasha, zikarudi kilo zilezile, nikasema labda ni umeme wa jenereta, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kusogea mbele, mpaka Bwana Haule akaniuliza mbele yao wote hiki ni kitu gani.

"Si mnamjua yule Mhehe wetu," nikasema. "Kazi yake ndiyo hiyo."

Nilisema nikitabasamu, kama tulivyozoea kusemana siku zote. Hakuna aliyecheka. Bwana Haule akawageukia wakulima, akawaahidi kuwa fundi aliyefanya hivyo hana kazi tena, na kwamba kila mtu atasomewa upya. Wakatulia. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, ni mimi, nilikuwa na kipaza sauti mkononi kabisa, nikakiweka mezani nikakaa.

Kihwele alifukuzwa kabla hajashusha begi lake la Mbinga. Stakabadhi za mizani zilikuwepo, kilo zikarekebishwa, Mama Ngonyani akapata kilo zake elfu moja mia mbili na hamsini, na mimi nikaendelea kula mshahara nikisubiri ujasiri, uliokuja kwa kuchelewa sana. Nilipokwenda kumwambia bosi ukweli alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba funguo, na hakukosea. Akampigia Kihwele arudi, lakini alikuwa ameshapata kazi kwao Iringa na hakutaka.

Nami nikampigia. Nilikuwa nimeandaa tusi zuri, ili tuanzie pale tulipozoea kuanzia, kisha niombe radhi. Aliniacha nikamaliza vyote viwili.

"Shikamoo mzee," akasema. "Nashukuru kwa kupiga. Nyumbani hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo. Mtani hamjibu mtani hivyo, na tangu siku ile sijapiga tena.

Nasikia programu za bure zinafanya kazi vizuri pale ofisini, aliziweka mtu mwingine, meza moja baada ya nyingine. Ile "ndiyo" niliyomjibu bosi ilinigharimu kazi na ikanigharimu Kihwele. Kazi ningeiacha tu, umri ulishafika. Yeye nilimpoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, na hajarudi.