Mbwa wa Kumtia Mokaya Wivu

Wengine husafiri kutafuta kazi au kumjulia hali mgonjwa. Mimi niliondoka Mosocho kwa sababu ya Mokaya. Huyu ni mwanyumba wangu, yaani ameoa dada ya mke wangu, na ua wake na wangu umetenganishwa na kijito tu. Alipoezeka nyumba yake mabati nilinyamaza. Aliponunua baiskeli nilimpa hongera, ingawa meno yaliniuma. Lakini niliposikia kwamba sasa anataka mbwa wa kizungu, roho ilinichafuka kabisa. Mbwa ni mambo yangu! Tangu ujana nafuga mbwa wa kuwinda nguruwe mwitu, na anayetaka mtoto wa mbwa hunijia mimi. Mokaya hata kupe hajui kumtoa mbwa.

Habari zilikuwa kwamba mlowezi mmoja Mzungu wa upande wa Sotik amerudi kwao, na mbwa wake wawili amemwachia mzee aliyekuwa akiwatunza, Mzee Ongeri wa Nyaramba. Aina zao hazikuwa zimeonekana Gusii. Mzee alikuwa anawatoa bure, ila kwa mtu aliyezoea mbwa, tena mmoja tu kwa kila mtu.

Alfajiri mke wangu alinikuta nikifunga viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba.

"Unakwenda wapi?"

"Nyaramba. Kuna mbwa."

"Kuna mbwa, au kuna Mokaya?"

Nilikaza fundo la jani. Mwanamke akikujua sana ni taabu.

Nyakoe nilifika jua likianza kuchoma. Hapo nilipata lori la ngozi la Bwana Abdala, mfanyabiashara Mwislamu wa Kisii mjini, mtu mpole anayesalimia hadi watoto. Alinipandisha juu ya ngozi za ng'ombe, nikasafiri na nzi wake mpaka karibu na Nyamira. Kutoka pale nikashika miguu, nikipanda na kushuka vilima, na kila mtu aliyekuwa mbele yangu nilidhani ni Mokaya.

Nyaramba nilipokewa vizuri. Mzee Ongeri alinipa uji wa wimbi, kisha akawatoa mbwa.

Wa kwanza alikuwa mkubwa, rangi ya majani makavu, na katikati ya mgongo nywele zake zimeota kuelekea mbele. Mzee alisema ni aina ya kusini, ya kuwindia simba. Wa pili alikuwa mdogo, mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja juu ya kiuno, na paji la uso lina makunyanzi. Aina yake ilitoka Kongo.

"Huyu mkubwa ana kichwa kigumu," alisema mzee. "Ukimpiga anaweka kinyongo, ukimdekeza anakutawala. Mgeni hamtaki. Na amri anazijua za Kiingereza tu. Huyu mdogo ni mwizi wa nyama, lakini ni msafi, anajilamba kama paka. Tena habweki."

"Habweki kabisa?"

"Kabisa. Akifurahi anaimba."

Nilirudi nyuma hatua. Kwetu mbwa akinyamaza usiku, watu husema warogi wamempitia wakamlisha dawa wapate kutembea kwa raha. Na mwenye kufuga bubu kwa hiari yake je? Kabla jua halijatua Mosocho nzima ingeniita mwenzao.

"Kwako kuna nini?" mzee aliuliza. "Nguruwe bado wapo?"

"Wamekwisha."

"Wageni?"

"Kila siku. Wengine wanalala."

"Basi, mwanangu, mchukue huyu mdogo. Maneno ya watu yatakwisha."

Alisema kweli, na nilijua. Lakini ulimi ulikuwa na swali lake. "Mokaya ameshafika?"

"Yule wa mabati? Ametuma salamu kwamba anakuja Jumapili. Anamtaka mkubwa."

"Nipe mkubwa," nikasema.

Kurudi kulikuwa na vituko. Barabarani nilikutana tena na Bwana Abdala. Alimtazama mbwa, akatazama kanzu yake. "Wewe nitakubeba, ndugu yangu. Mate ya huyo ni najisi kwetu, utanisamehe." Hakunikosea, ila nilitembea njia yote, mbwa akinivuta kama mtu aliyechelewa mnadani, mimi nikikariri Kiingereza cha Mzee Ongeri. Watu waliruka mitaroni kunipisha. Nilifurahi mno. Kila aliyeruka nilimwona ni Mokaya.

Nyumbani, mbwa alilinda ua. Alilinda dhidi ya jirani aliyekuja kuomba moto, dhidi ya mwenye kuuza chumvi, na dhidi ya mama mkwe, aliyepiga kelele nje ya ua akarudi na ndizi zake. Haikupita mwezi, kwangu pakawa kimya. Na Mokaya? Alikwenda Jumapili yake, akamchukua yule bubu bila kinyongo. Nilikaa nikingoja watu waseme uchawi. Walisema, siku chache. Kisha mbwa akaimba alfajiri, sauti ndefu ya kupanda na kushuka, na wakaamua kwamba mbwa wa mrogi hawezi kuimba hivyo. Sabato baada ya kanisa watu wakawa wanapita kwangu mbali, wanavuka kijito, wanakwenda kwa Mokaya kusikiliza. Mke wangu alikwenda nao, na ndizi za mama yake akazila huko.

Jioni moja Mokaya alisimama ng'ambo ya kijito akaniita. Kuingia asingethubutu.

"Mwanyumba! Njoo utembee kwetu!"

"Nina kazi."

"Nataka nikuambie kitu, usinicheke. Ulipomleta huyo mkubwa, nilikuonea wivu vibaya sana. Wiki nzima sikula vizuri. Nikipita hapa nageuza uso nisimwone. Muulize mke wangu."

Nilisimama kama nimepigwa rungu. "Wiki ipi?"

"Ile ya kwanza. Halafu huyu wangu akaanza kuimba, ikaisha."

Wiki ya kwanza nilikuwa nyuma ya nyumba, nimefunga mlango wa ua, nikimwomba mbwa kwa Kiingereza akae chini. Nilichojifunza Nyaramba ni hiki: mbwa mchagulie nyumba yako, si macho ya jirani. Nimejifunza, nakubali. Lakini bado inaniuma kwamba kwa wiki nzima Mokaya alipita mbele ya ua wangu amegeuza uso, na mimi sikuwapo kumwona.