Muuguzi Aliyetazama Viwiko

Ilianza kama alama nyekundu isiyozidi ukucha, mahali ambapo mwanaume hamwonyeshi mtu. Baada ya wiki mbili ilikuwa imeenea karibu uume wote, nyekundu, laini, inang'aa, na inawasha. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kuchimba madini. Nilisindikiza malori ya bidhaa kati ya Kolwezi na Dilolo, mpakani na Angola, kwa kuwa mimi sikai mahali pamoja. Hata shule niliiacha darasa la tano, siku niliyokwenda Tenke kutazama treni na kukawia huko miezi.

Wenzangu wa lori walicheka. Mtu anayelala Dilolo mara mbili kwa mwezi, walisema, hawezi kusingizia mbu. Mmoja akanipeleka kwa muuza dawa wa sokoni, nikadungwa sindano tatu. Mwingine akanishauri nioshe kwa javel, ile ya kufulia nguo nyeupe. Niliosha asubuhi na jioni, nikazidi kuungua. Kusema kweli, Dilolo sikufanya lolote. Lakini nani angemwamini mtu kama mimi?

Mke wangu anauza samaki wakavu hapa Kolwezi. Aliona javel inapungua nyumbani na nguo haziwi nyeupe. Akauliza, nikamwonyesha. Alitazama kwa muda, kisha akaniambia niende kituo cha afya nikapimwe. Nikirudi na ugonjwa wa kuokotwa kwa wanawake, nisivue viatu mlangoni, niendelee tu na safari zangu. Hakupandisha sauti, na nilijua hatasema mara ya pili.

Kituoni niliomba muuguzi mwanaume. Hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, akavaa glavu huku akiniuliza habari za barabara. Alinigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kwa karibu, bila haraka na bila kukunja uso. Hakuona kidonda wala usaha, na kwenye kinena hakukuta uvimbe. Nilipomtajia javel alifumba macho kidogo. Damu yangu aliituma maabara hata hivyo. Kisha akaniambia nivue shati.

“Nyosha mikono, tata,” alisema, kwa heshima ya kumwita mtu baba.

Viwiko vyangu vyote viwili vilikuwa na ngozi nene yenye magamba meupe. Akauliza ni nini. Nikamweleza, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba kila mchimbaji anayo: shimoni tunatambaa kwa viwiko, ngozi inakomaa.

“Shimo uliacha lini?”

“Inaenda mwaka, mama.”

“Shimo umeacha mwaka muzima, na hii ngozi ingali inatambaa?”

Akatazama nyuma ya masikio yangu, halafu kucha, zilizokuwa na vitobo vidogo kama zimechomwa sindano. Hizo nazo nilikuwa nikilisingizia shimo. Akasema yote ni ugonjwa mmoja, unaitwa psoriasis: mwili unatengeneza ngozi kwa haraka kupita kiasi. Kwenye viwiko inaota magamba. Penye joto na jasho magamba hayakai, unabaki wekundu. Hauambukizi, na mtu haupati kwa mtu mwingine.

Nilimwuliza maswali mpaka foleni nje ikaanza kunung'unika. Kwa nini kucha? Kwa nini viwiko vyote viwili? Alijibu moja moja, na pale asipojua alisema hajui. Nimewabebea mizigo mabwana wakubwa wa migodi. Neno hilo, sijui, sijawahi kulisikia kwao.

Javel niache kabisa, alisema. Nioshe kwa maji matupu, nipake krimu nyepesi, kidogo sana, mara moja kwa siku kwa siku chache, kisha mafuta yasiyo na harufu. Krimu kali za sokoni za kung'arisha ngozi nisiziguse: zinatuliza siku tatu, halafu zinaharibu. Hakunidanganya kwamba ugonjwa utaisha. Utalala, akasema, na siku nyingine utaamka.

Majibu ya damu yalitoka safi. Nikamwomba amwandikie mke wangu barua. Alikataa. Barua, alisema, mke wangu angedhani nimeinunua.

“Mulete yeye.”

Kesho yake mke wangu aliacha meza yake ya samaki akaja. Muuguzi alirudia yote tangu mwanzo, akamshika mkono akaupitisha kwenye kiwiko changu, kisha akamwonyesha kucha na tyubu ya krimu. Mke wangu alisikiliza akiwa amesimama, akauliza jambo moja tu.

“Na mi inaweza kunikamata?”

“Hapana, mama. Hata mulale kitanda kimoja mupaka muzeeke.”

Mke wangu alinitazama kidogo. Mimi nilitazama sakafu. Kisha akamnyoshea muuguzi mkono.

“Hiyo krimu unipatie mi. Huyu anapotezaka bitu.”

Akaifunga ndani ya pindo la kitenge chake, akaniambia nimfuate sokoni, kuna gunia la kushusha.