Sikio la Ardhini

Kabla sijaanza, rafiki yangu, niruhusu nitenge mambo mawili ambayo watu wa leo huyachanganya kama mchele na chuya. Kuna niliyoyaona kwa macho yangu, na kuna niliyoyasikia. Niliyoyaona nitayaeleza yote, hata yanayoniaibisha. Niliyoyasikia nitayagusa mara moja tu, karibu na mwisho, kisha nitayaacha palepale.

Wiki iliyopita fundi wa televisheni alikuja nyumbani kwangu Muyeye. Tuna dishi ukutani na king'amuzi ndani, na kwa hivyo viwili tulikuwa tukipata picha za nchi ambazo sitazifikia. Lakini stesheni za hapa kwetu hazikuonekana. Mkaza mwanangu alilalamika kwamba anajua theluji imeanguka wapi Ulaya na hajui kama mvua imenyesha Ganda. Fundi ni mtu mzima wa bara, aliyekaa Malindi hata shikamoo yake ikaota sauti ya pwani. Alikigeuza king'amuzi akatuonyesha mgongo wake. Kulikuwa na matundu mawili. La kwanza lilikuwa na waya wa dishi. La pili lilikuwa na vumbi.

"Mzee," akasema, "hili sanduku lina masikio mawili. Nyinyi miaka yote mmelifungulia moja."

Alieleza kwamba antena ya kawaida ikichomekwa katika lile tundu la pili, king'amuzi kitazitafuta chenyewe stesheni za hapa na kuzipanga pamoja na zile za dishi. Nikaridhia. Angesimamisha mlingoti wa chuma kwenye pembe ya paa, na kwa kuwa chuma kirefu huita radi, angeuteremsha waya mwingine kutoka mlingotini hadi ardhini. Yote hayo niliyakubali nikiwa nimeketi. Kisha akachungulia jikoni, akamwomba mkaza mwanangu debe la mkaa na chumvi ya mawe, avizike pamoja na ule waya ili udongo usikauke.

Nilisimama. Nilimwambia asichimbe. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtu wa umri wangu.

Huenda ukaniona mwoga. Basi fahamu kwamba mimi ni mzee wa mvi katika kaunti ambamo wapo watu ambao mvi kwao ni ushahidi wa uchawi. Hili sikulisikia. Mwenzangu wa rika moja nilimkuta mwenyewe, kikopo cha rangi mkononi, akiupaka utosi wake weusi kabla ya kwenda shambani kwake upande wa Vitengeni. Aliona haya. Mimi niliona hofu, kwa sababu mkaa, chumvi na waya ulioingia ardhini nilikwisha kuviona pamoja mara moja katika maisha yangu, nikiwa darasa la tatu.

Nililelewa na nyanya yangu huko Ganda. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, na nyuma yake palikuwa na mikorosho ambayo msimu wake ulituachia vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda. Asubuhi nilichota maji kisimani kabla ya shule. Jioni nilikuna nazi kwa mbuzi huku yeye akisonga sima, na mboga yake ya mchunga ilikuwa chungu hata machozi yanilenge, naye akisema kila mara, "Kichungu hufungua masikio." Sijui alilitoa wapi neno hilo. Siku hizi nikila mchunga wa hotelini, uliochemshwa mara mbili ili upoe ukali, huhisi nimedanganywa.

Mwalimu wetu alikuwa mpangaji wake. Alikuwa na redio kubwa ya mbao, yenye betri nzito kama tofali. Haikusema kitu mpaka alipoitundikia waya mrefu kutoka mnazi mmoja hadi wa pili, na hata hapo ilikoroma tu kama mtu mwenye mafua. Siku ya soko, wanakijiji wakiwa wamekwenda mjini, alichimba shimo ardhini, kando ya ukuta wa nyumba. Akachukua chungu cha nyanya kilichopasuka, akakijaza mkaa na chumvi, akazungusha ndani yake waya wa shaba, akakifukia. Ncha ya ule waya niliishika mimi, kwa mikono hii.

"Redio ina masikio mawili," alitufundisha. "Moja li hewani, moja li ardhini. La ardhini likikauka, redio huwa kiziwi." Akamwomba nyanya apamwagie maji kila asubuhi.

Nyanya alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Kila kulipopambazuka nilimletea maji katika kata, naye aliinama akayamwaga polepole juu ya waya. Redio ikanena. Majirani walianza kuja jioni, wakiketi juu ya vinu vilivyolazwa na magunia ya makumbi, nao hawakuja kwa ajili ya muziki. Walikuja kwa matangazo ya vifo. Enzi hizo mtu wako akifia mbali, redio ndiyo iliyokufikia kwanza. Mtangazaji alisoma majina kwa sauti moja, bila haraka, na watu wote walishusha pumzi kila jina la mgeni lilipopita.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mihogo ilikauka ingali michanga, kisima kikawa cha kungojea, na nyanya hakuacha kumwaga ile kata moja ya asubuhi. Shule ilipofungwa mwalimu alikwenda kwao, akatuachia redio. Jioni moja, jirani wa upande wa pili wa uwa alikuwa ameketi karibu na mlango wakati jina la ndugu yake lilipotajwa. Ndugu huyo alikuwa kibarua Mombasa na alitarajiwa nyumbani. Jirani hakulia. Aliitazama redio. Halafu akamtazama nyanya, muda mrefu zaidi ya alivyoitazama redio.

Kuanzia siku iliyofuata nilimwona kwenye uwa kila asubuhi, wakati wa kumwaga maji. Nilimwambia nyanya. Akasema, "Kafiwa huyo, hapati usingizi." Lakini hofu ilikuwa imeniingia. Niliona wanawake wakigeuza njia ya kisimani ili wasipite kwetu, na mtoto niliyecheza naye akaitwa ndani jina langu lilipotajwa.

Walikuja mchana, jua kichwani. Jirani alibeba jembe, na nyuma yake walikuwapo wanaume wanane au tisa, pamoja na mzee wa kijiji, ambaye alijifuta jasho mara nyingi kuliko jua lilivyodai. Jirani hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja ukutani akachimba. Jembe lilipogonga chungu, lilitoa mlio ninaoukumbuka mpaka leo. Walikitoa, wakakipasua, na mkaa mweusi ukamwagika miguuni mwao pamoja na chumvi iliyolowa, na ule waya umejizungusha katikati. Kwetu watu walijua fingo ni nini: chungu kinachozikwa ili kilinde au kidhuru. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuona tumbo la redio.

"Hilo ni sikio la redio," nyanya akasema. "Kalitia mwalimu."

"Mwalimu yuko wapi?"

"Kaenda kwao. Shule zikifunguliwa atarudi."

"Basi mwite kwa hilo sikio lako," jirani akasema. "Ndugu yangu ulimwita akaitika."

Baadhi yao walicheka, kicheko kifupi cha watu wanaoogopa. Mmoja aliuliza ni mwanamke gani mwenye akili anayenyweshea udongo maji wakati watoto wana kiu. Hapo sikuona hata uso mmoja wa huruma. Mzee wa kijiji, akitafuta pa kupumulia, alinigeukia.

"Wewe mtoto unalala humu. Ulimwona mwalimu akikizika chungu hiki?"

Rafiki yangu, jibu lilikuwa neno moja. Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeushika waya. Lakini nililiangalia jembe, udongo mbichi ukiwa bado umelishika, na nikawaza kwamba aliyeshika waya na aliyebeba kata huenda akahesabiwa pamoja na mwenye chungu.

"Nilisikia," nikasema.

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia tu kuwa ni mwalimu."

Mzee wa kijiji akatikisa kichwa. "Kusikia si kuona," akasema, na hata leo siwezi kumpinga.

Nikafungua kinywa kutaka kusahihisha. Nakuapia nilitaka. Nyanya alinitangulia. "Kweli hakuona," aliwaambia, bila kunitazama. "Alikuwa kisimani siku hiyo. Maji yangu namwaga mwenyewe. Mtoto hayumo." Kwa maneno hayo alinitoa mimi kwenye shimo, akabaki yeye.

Walimpa siku moja ya kufungasha. Ilikubaliwa aende kwa kaka yake Vitengeni, nami nichukuliwe na shangazi yangu mjini.

Haya ndiyo niliyomweleza fundi pale barazani, kwa maneno machache zaidi, huku debe la mkaa likiwa kati yetu. Alinisikiliza, kisha akauliza kama afunge vifaa vyake aondoke. Nilimwambia angoje alasiri, majirani warudi kutoka kazini. Nilimtuma mkaza mwanangu awaite mmoja mmoja, nikaamuru lango liachwe wazi. Walipofika nilimwambia fundi achimbe. Mama auzaye viazi karai ng'ambo ya barabara alichungulia shimo akauliza, "Mzee, tunazika au tunazikua?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimtia kipande cha mkaa kiganjani, na chumvi, nikamwambia aonje. Nilieleza kazi ya mlingoti, ya radi, ya waya na ya udongo wenye unyevu, kama nilivyokuwa nikifundisha darasani kabla ya kustaafu, nikamtaka kila mmoja aseme ameona nini. Walisema, wengine kwa kunistahi tu. Nilipomwaga maji ya kwanza juu ya waya, yalimwagikia viatu vyangu.

Ndani, fundi alichomeka antena katika tundu la pili. King'amuzi kikatafuta, na stesheni za hapa zikaja moja baada ya nyingine, zikajipanga kwenye orodha ileile ya zile za dishi. Mkaza mwanangu alipiga kigelegele kidogo. Mimi nilibaki nje, karibu na udongo uliolowa.

Mikorosho ya Ganda imekatwa. Pale penye uwa pana nyumba ya mabati ya watu nisiowajua. Majina ya waliokufa sasa hufika kimyakimya katika simu, na hakuna anayeketi juu ya kinu kuyangojea. Sauti ile ya mtangazaji imepotea pamoja na mbao za redio yake. Kilichopaswa kupotea kabla ya hivyo vyote bado kipo, ndiyo maana kila asubuhi humwagia waya wangu maji lango likiwa wazi.

Yaliyompata nyanya huko Vitengeni nimeyasikia. Nimeyasikia kwa namna mbili zisizopatana, na waliosimulia hawakuwapo. Sitayaandika.

Nilichokiona ni hiki. Asubuhi ya kuondoka kwake niliamka kama kawaida, nikachota maji, nikamletea kata, kwa sababu miguu haikujua kazi nyingine. Shimo lilikuwa wazi kando ya ukuta. Jirani alikuwa amesimama kwenye uwa, akitazama. Nyanya alipokea kata, akaliangalia lile shimo, akanywa nusu ya maji yale. Nusu iliyobaki akanipa mimi. Nikanywa yote, jirani akiona. Kisha akajitwika mzigo wake, akaenda, nami nikabaki na kata mkononi.