Udongo Laini wa Msitu wa Ukoo

Ng'aa.

Jembe liligonga mwamba nyuma ya nyumba, likakatika shingoni, na bamba lake likarukia kwenye mihogo. Magesa akabaki ameshika mpini mtupu. Sauti ile ilikaa naye kwa miaka. Angeweza kuwa anakula, au amepiga magoti kanisani, mara ikamrudia, naye akaacha alichokuwa akifanya na kuinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Gati, mkewe, alijua anasikiliza nini. Hakumuuliza hata mara moja.

Ulikuwa mwaka wa surua, na mwaka wa kukosa kila kitu. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni ilikuwa hadithi. Wanaume walishonesha viraka juu ya viraka hadi suruali ya kwanza haionekani tena. Majembe nayo yalikuwa yamelika, bamba limebaki dogo kama upawa, na hakuna aliyejua mapya yatakuja lini. Katika mwaka huo alikufa Wegesa, binti yao wa pekee, asubuhi, kabla umande haujakauka. Alikuwa ameanza kusema maneno mengi, mengine ya kwake mwenyewe ambayo mama yake tu ndiye aliyeyaelewa.

Magesa hakuwa mtu wa kushindwa na shimo. Kuchimba ndiyo ilikuwa kazi yake: vyoo, visima, makaburi ya watu wengine. Butiama nzima walimwita Fuko, na akipita mtu humuuliza, "Fuko, leo umetoka chini kutafuta nini?" naye hujibu, "Nimekuja kukupima urefu." Lakini alikuwa mzaliwa wa Guta, kule Bunda, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaoshika mguu masika na kupasuka kiangazi, na mioyo ya watu wa kule imezoea kwamba cheusi ndicho chenye rutuba. Butiama alikuja kwa kazi ya vyoo, akampata Gati, akapewa kiwanja karibu na wakwe zake, upande wa Mwitongo. Kiwanja kilikuwa kimekaa juu ya jiwe. Chini ya shubiri moja ya udongo mwekundu, ni mwamba.

Kwa watu wa Gati, mtoto wa nyumba huzikwa nyumbani, uani, asikie sufuria zinavyogongana na watu wanavyoitana. Kwa hiyo Magesa alichimba uani. Jembe likakatika. Akatuma watu kwa majirani; wengine nao walikuwa wanazika, wengine majembe yao yalikuwa mabovu kuliko lake. Jua likawa linapanda. Ndipo Bernado, kaka yake Gati, akamshika bega.

"Shemeji, twende msituni. Kule mchanga ni laini, hata kwa mikono unachimba."

"Gati atasemaje?"

"Atalia. Analia hata sasa."

Msitu wa ukoo ulikuwa ubavuni mwa kilima, mnene, wenye giza la mchana. Magesa alipiga magoti chini ya mti mkubwa wenye gome jeupe, akashika lile bamba la jembe kwa mikono miwili, akaanza kukwangua. Juu palikuwa na majani makavu. Chini yake majani yaliyooza, yaliyoshikana kama mkeka uliolowa. Kisha udongo mweusi, mwepesi, uliojaa mizizi myembamba kama nywele, wenye harufu ya uyoga. Akauweka puani. Akajiambia, hapa ni pazuri. Weusi ule haukuzidi kiganja. Chini yake mchanga wa rangi ya majivu, umesafishwa na mvua hadi haushikani, unapita katikati ya vidole. Halafu rangi ikageuka, manjano kwanza, kisha hudhurungi, mchanga uliochanganyika na mfinyanzi kidogo, ukaanza kukaza. Alipofika kwenye changarawe alikuwa amefika kifuani. Hakuwahi kuchimba kaburi jepesi kama lile. Wegesa alizikwa amefungwa nusu ya kitenge cha mama yake. Nusu nyingine mama yake alibaki ameivaa.

"Jembe likipatikana," Gati alisema jioni ile, "tutamleta nyumbani."

"Tutamleta."

Majembe yalipatikana. Miaka ilipita, upepo ukageuka, likaja neno ruksa, biashara ikaachiwa huru. Bidhaa zikarudi madukani Musoma kana kwamba zilikuwa zimejificha uvunguni tu: sabuni za rangi, mitumba, majembe mapya yenye karatasi bado. Watu waliopata biashara walianza kujenga nyumba za matofali Mwisenge, pale mjini, na nyumba ya matofali inataka choo, kwa hiyo Magesa alikaa huko misimu miwili akichimba. Alirudi na jembe, na sururu, na koleo. Gati aliviangalia vyote vilivyoegemezwa ukutani, akamwangalia yeye.

"Tukimaliza kuvuna," Magesa akasema.

Walimaliza kuvuna. Akasema mvua. Mvua zikaisha. Ukweli ni kwamba mtu aliyezika wengi anajua kinachokaa chini, na Magesa aliogopa kukiona kwa mtoto wake. Gati hakumsukuma. Hakupata mtoto mwingine.

Wakati huo msitu nao ulikuwa unakwisha. Mkaa ulikuwa na soko mjini, na palipofyekwa watu walipanda mahindi. Mwaka wa kwanza mahindi yalimficha mtu. Mwaka wa pili yalimfikia kiunoni. Mwaka wa tatu yalitoka ya njano kama yenye homa, na bwana shamba, kijana mpole aitwaye Wenceslaus, akaja kuyaangalia. Alichimba kidogo kwa jembe la Bernado, akaufinya udongo mkononi. Ukakataa kushikana.

"Huu ni mchanga tifutifu wa msituni," alisema. "Utajiri wake wote uko huku juu, kiganja kimoja tu, na uliletwa na majani ya miti. Mmeondoa miti, mmeunyima chakula. Na una tindikali nyingi. Mvua inaosha chokaa yote inakwenda nayo chini."

"Tindikali si ile ya betri?" Bernado aliuliza.

"Ni ndugu yake, mzee."

"Kumbe mimi nimepanda mahindi kwenye betri. Ndiyo maana hayawaki."

Watu wakacheka, na Wenceslaus akacheka nao. Magesa alikuwa amesimama nyuma.

"Hiyo tindikali," alisema, "mahindi tu ndiyo inayoyaonea?"

"Inakula chochote chenye chokaa. Umeshaona gamba la konokono huku?"

Magesa alifikiri. Kule Guta magamba ya konokono yalikuwa yanalala shambani miaka, meupe, yanalia chini ya mguu. Huku hakuwahi kuliona hata moja. Wenceslaus alikuwa akiendelea kuhesabu kwa vidole, magamba, maganda ya mayai, mifupa, kisha akarudi kwenye mambo ya chokaa ya kununua. Magesa aliondoka kabla hajamaliza. Hakumwambia Gati.

Halafu Gati akavimba tumbo. Walikwenda hospitali Musoma, wakakaa, wakapimwa, wakarudi. Hakuna aliyewaambia neno baya; waliambiwa tu wakapumzike nyumbani, na Gati hakuwa mtoto. Alitandikiwa mkeka chini ya ukingo wa paa, mahali anapoona uani.

"Baba Wegesa," alimwambia siku moja, sauti ikiwa ya kawaida kama anaomba maji. "Mimi mtanizika hapa. Chimbeni mtakavyochimba, pasueni hilo jiwe. Lakini sitalala hapa peke yangu na mtoto akiwa kule. Kamlete nikiwa bado nakuona."

"Nitamleta."

"Ukimbeba uongee naye. Sisi tulikuwaga tunafanya hivyo. Umwambie unapopita: hapa ni mtoni, hapa ni kwa babu yako. Asikae nyuma akapotea."

Magesa alikwenda kesho yake asubuhi na Bernado, ambaye sasa alikuwa na mvi na kikohozi. Walifika wakakuta uwazi. Mti wenye gome jeupe ulikuwa umegeuka mkaa zamani, na hata kisiki hakikuwepo. Palikuwa na alama za matanuru hapa na pale, na nyasi ngumu. Bernado alisema ni hapa. Kisha akasema ni pale.

Magesa hakubishana. Alianza mtaro mrefu usawa wa goti, akikata kingo zake wima, na kila alipofika mbele aliinama kuzitazama. Ukuta wa mtaro ulikuwa kama kitambaa chenye mistari: weusi uliobaki kama uzi, majivu, manjano, hudhurungi. Mistari inakwenda, inakwenda. Alichokuwa akitafuta ni mahali inapokatika. Udongo ukishafukuliwa mara moja haurudi kupangana. Anayeufukia huuchanganya, mweusi ukaenda chini na wa njano ukaja juu.

Jua lilikuwa limefika kichwani alipopaona. Mistari ilikoma ghafla, na badala yake palikuwa na madoadoa, kama uji uliokorogwa vibaya. Kiasi cha mtoto. Akakaa chini.

"Ni yeye," alisema.

Bernado alisogea ukingoni. Alikuwa ametoa kofia, anaizungusha mikononi.

"Shemeji," alisema mwishowe, "kuna kitu sikuwahi kukuambia. Mwaka ule wa msako, wa wahujumu uchumi, walipokamata watu wenye bidhaa za magendo. Nilikuwa na gunia la sukari, nililivusha kutoka Sirari, mpakani. Waliposema wanapekua nyumba, nililifukia."

"Wapi?"

"Huku."

"Huku wapi?"

"Karibu na ule mti mweupe. Nilisema hakuna atakayechimba karibu na kaburi." Alikohoa. "Nilipolirudia baada ya mvua, sikupaona. Nikaacha. Nilikuwa mwoga wakati ule, Fuko. Hata kunguru akilia nilikuwaga najua ni polisi."

Magesa alisimama. Kisha akashuka shimoni, akaacha jembe, akachimba kwa mikono.

Alipopita kiuno, udongo ulibadilika. Palikuwa na doa, refu kidogo, la rangi ya kahawa iliyomwagika, laini kuliko mchanga ulioko kandokando. Lilikuwa na upana wa kukumbatiwa. Alilifuata kwa ncha za vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Akachota kila konzi, akaichambua, akaipitisha kiganja hadi kiganja. Hakuna mfupa. Hakuna jino. Hakuna uzi wa kitenge. Mizizi michache ya nyasi ilikuwa imeshafika pale, nayo ilikuwa minene.

"Gunia nalo huoza," Bernado alisema kutoka juu, taratibu. "Sukari nayo inayeyuka. Inaacha weusi hivyohivyo."

"Najua."

Walichimba mtaro mwingine, na mwingine. Kila mahali mistari ilikwenda bila kukatika, isipokuwa palipochimbwa tanuru la mkaa; hapo udongo ulikuwa mweusi wa moto hadi chini kabisa, na kama kulikuwa na kitu kabla ya tanuru, tanuru lilikimeza. Jua likaanza kuinama. Bernado akachuchumaa ukingoni.

"Nisikilize. Sisemi kwa ubaya. Pale kwangu kuna mifupa ya mbuzi wa Pasaka. Midogo. Tukiifunga vizuri, dada yangu atashika kitu mkononi. Nani atajua?"

"Nyamaza, shemeji."

"Anakufa, Magesa."

"Ndiyo nimekuambia nyamaza."

Alitandaza kitenge kipya alichokuja nacho, akachota lile doa la kahawa, lote, hadi ikabaki rangi ya njano tupu chini. Akalifunga, akaliweka kwenye kapu, akalibeba kichwani. Lilikuwa na uzito wa mtoto kabisa, lakini mchanga wowote ukijaza kapu una uzito huo.

Walipofika mtoni Bernado alisimama.

"Ongea naye. Mwambie ni mtoni."

Magesa alifungua kinywa. Maji yalikuwa kidogo, yanapita katikati ya mawe. Akafunga kinywa, akavuka. Walipita kwa wakwe, ambako nyumba ya mzee ilikuwa imeshaanguka na kubaki ukuta, na hapo pia hakusema. Bernado aliyekuwa nyuma alinong'ona kitu, labda kwa niaba yake, kikohozi kikamkata.

Gati alikuwa amekalishwa ameegemea ukuta. Alikuwa ameoga na kufunga kilemba. Kapu lilipowekwa mbele yake, alifungua fundo la kitenge mwenyewe, polepole, kwa vidole vilivyobaki mifupa na ngozi. Akautazama udongo. Hakushtuka, pengine alijua zamani kuliko yeyote kile ambacho mchanga ule hufanya, maana kilima kile kilikuwa cha watu wake. Akaingiza mkono hadi kifundoni, akautuliza humo, kama mtu anayepima joto la maji ya kumwogesha mtoto.

"Ni baridi," alisema.

Bernado akaangalia pembeni.

Uani, mwamba ulikuwa umeshapasuliwa na majirani kwa sururu, shimo dogo likisubiri. Kuku walikuwa wanaparua kwenye kifusi chake. Gati alitoa mkono, ukiwa na rangi ya kahawa hadi kifundoni, akaukunja kifuani bila kuufuta.

"Uliongea naye njiani?"

Magesa alipiga magoti mbele ya kapu. Alifunga kona moja ya kitenge, na ya pili, halafu mikono ikaacha.

"Baba Wegesa. Uliongea naye?"

Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba Bernado, aliyekuwa amesimama hatua chache tu, hakusikia.

"Sikujua kama yumo."