Mwisho Alioutunga Fundi

Wateja walimwita Fundi, na kwa kuwa mama yake mzazi naye aliishia kumwita hivyo hivyo, jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Alikuwa mshonaji wa sare za shule na za wauguzi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwepesi wa mkono, mzito wa ulimi. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Kati ya sebule na chumba cha mama palikuwa na pazia tu, kwa sababu mlango uling'olewa siku kitanda cha mgonjwa kilipoingizwa.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Enzi zake alikuwa opereta wa simu, tangu zama za kuunganisha nyaya kwa mkono, na miaka thelathini ya kazi hiyo ilimwachia masikio makali na hamu isiyokwisha ya kujua mambo ya watu yaliishiaje. Daktari alimvuta Fundi kando akamwambia kwamba moyo umechoka, dawa zitasukuma siku tu. Mama alisikia kila neno. Akamwita daktari, akamuuliza kwa upole siku hizo zinasukumwa kwenda mbele au kurudi nyuma.

Kazi ya kumuuguza ilimwangukia Fundi. Ndiye aliyemgeuza kila baada ya saa chache, akamsugua mgongo asitoke vidonda, akampima vifundo vya miguu kwa tepu yake ya kushonea ajue uvimbe umepanda au umeshuka. Hakulalamika. Kilichomshinda ni saa kumi alasiri.

Saa kumi ndipo mdogo wake alipoingia. Huyu walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na vidole vyake havikukosa rangi za watoto. Alisalimia, akavua viatu, akapanda kitandani miguuni pa mama, akauliza, "Tuliishia wapi?" Na mama, ambaye mchana kutwa alimjibu Fundi kwa ndiyo na hapana, alikumbuka mpaka nukta.

Hadithi ilikuwa ya tarishi aliyeajiriwa kupeleka barua zilizofungwa. Kila aliyefungua barua yake alibakiwa na siku tatu za kuishi. Tarishi hakuziandika wala hakumjua anayeziandika. Kazi yake ilikuwa kugonga milango. Kitinda aliitunga papo kwa papo. Leo barua ilikwenda kwa hakimu, kesho kwa bibi harusi, na mama alicheka, akabisha, akatoa amri. Kisha siku moja tarishi akapapasa mkobani akakuta barua yenye jina lake mwenyewe.

Hapo mjadala ukawaka. Mama alishikilia kwamba asiifungue, aitie motoni. Kitinda akamuuliza, je, kama hata kule kuichoma kumeshaandikwa, hiari yake iko wapi? Mama alifikiri kidogo.

"Mimi nimeunganisha simu za watu miaka thelathini," akasema. "Simu kulia ni shauri la aliyepiga. Kupokea ni shauri la mwenye nyumba."

Walilivuta neno hilo huku na huku kwa siku kadhaa. Kifo kilikuwa kimekaa mle chumbani, nao wanakijadili kama jirani mwenye vituko. Fundi, nyuma ya pazia, alisikia yote. Akawa anakanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zimeze vicheko. Siku moja mama akapaza sauti: "Fundi, hebu simamisha hiyo mashine kidogo, sisikii." Aliisimamisha. Alikaa na suruali ya mtoto wa watu mapajani, macho yamejaa machozi, akajiambia kwamba yeye amegawiwa mkojo na jasho, mwenzake amegawiwa kicheko.

Alijua ni aibu kumwonea mtu wivu kwa ajili ya mgonjwa. Kujua hakukumsaidia. Alijaribu hata kusimulia. Asubuhi moja, akimsafisha mama, alimweleza habari za mteja aliyeleta kitambaa cha gauni akasahau kumleta mwenye gauni. Mama akasema, "Enhe, halafu?" Hakukuwa na halafu. Akaendelea kumsafisha mpaka maji yakapoa.

Kisha Kitinda akaitwa mafunzoni, mji mwingine, siku tano. Siku ya kwanza, ilipofika saa kumi, mama alilitazama pazia mpaka giza likaingia. Siku ya pili, Fundi akimkausha miguu, mama akamuuliza, "Unaonaje, ataifungua?"

Lilikuwa swali la kawaida. Pengine lilikuwa mkono ulionyooshwa. Lakini Fundi alilisikia kama swali la mtu mwingine lililomfikia yeye kwa makosa, na hasira ya miezi mingi ikampanda.

"Ameshaifungua," akasema. "Kitinda aliniambia kabla hajaondoka. Aliifungua, akafa."

Ulikuwa uongo mtupu.

"Alikuwa na nani?" mama akauliza.

Hilo Fundi hakuwa amelipanga. "Na dada yake."

"Tarishi hakuwa na dada."

"Alikuwa naye. Hakutajwa tu."

Mama alimgeukia, akamtazama kwa makini kama anayetafuta sindano iliyoanguka. "Alikuwa akifanya nini huyo dada, siku zote hizo?"

"Alikuwa akimfulia mashati," Fundi akasema, na sauti ikaanza kumtoka vibaya. "Mtu hawezi kugonga milango ya watu na shati chafu. Alimfulia, akampigia pasi, na hakuna aliyeuliza habari zake."

"Enhe," mama akasema taratibu. "Halafu?"

Fundi alichukua beseni akatoka. Alimwaga maji nyuma ya nyumba, akasimama huko muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji. Aliporudi, mama alikuwa amefumba macho.

Tangu hapo chakula kikawa hakimwingii mama. Siku ya tatu baada ya uongo ule, asubuhi, Fundi akimchana nywele, mama alivuta pumzi moja ndefu na nyingine haikufuata. Kitinda alirudi akakuta nyumba imejaa watu.

Fundi alizihesabu siku zile tatu, sawa na za barua, mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Daktari alisema ni moyo, ulikuwa umekwisha. Fundi hakuridhika. Wiki tatu baada ya mazishi, wakipanga nguo za marehemu juu ya kitanda kitupu, alimweleza mdogo wake yote: uongo, dada wa tarishi, beseni.

"Najua, dada," Kitinda akasema. "Aliniambia kwenye simu kesho yake. Alisema umemtia dada kwenye hadithi, na kwamba nikirudi nisithubutu kumwondoa."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua?"

"Sijui. Mimi sikuwa na mwisho wowote, nilikusudia isiishe. Labda alikuwa amechoka kungoja. Labda ni moyo tu. Mama hakuwa mtu wa kuamuliwa."

Fundi alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Nafuu ilikuwa inamjia, lakini nyuma yake ukaja wivu ule ule: sifa ya pekee aliyowahi kupewa ilipita mikononi mwa mwingine. Akauliza kwa nini mama hakumwambia yeye.

"Alisema angekusifu, ungenyamaza tena," Kitinda akajibu. Kisha, bila kumtazama, akaongeza: "Mimi nilikuwa na saa moja kwa siku, wewe ulikuwa naye siku nzima. Aliponieleza habari za huyo dada, alikuwa na sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nilikata simu nikalia kwa wivu."

Mtu mwingine angemkumbatia. Fundi alisikia furaha ikimpanda, furaha ya mtu aliyeonewa wivu kwa mara ya kwanza maishani, akaona aibu, na furaha haikuondoka. Alisukuma nguo pembeni, akaketi kitandani.

"Hebu niambie alivyosema," akasema. "Neno kwa neno."

Kitinda akamwambia. Alipomaliza, Fundi akamwomba arudie.