Kadi Iliyosomwa Mstarini

Nimejaribu mara kadhaa kuandika habari za gemu lile kwa utani, kama wanavyofanya wenzangu wanapokumbuka kompyuta zao za kwanza. Siwezi. Nalichukia mpaka leo. Nalichukia pango lake la buluu, namchukia shujaa wake mwenye upanga mrefu na kifua wazi, na kuliko vyote naichukia fomu iliyokaa mlangoni mwake kama kizuizi cha barabarani, ikimuuliza kila mpitaji ni nani na anatoka wapi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Ulikuwa msimu wa upepo, ule upepo wa Singida unaotikisa mabati mchana kutwa na kuacha vumbi jembamba juu ya kila kitu, hata juu ya ulimi. Jamaa mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam alikodi chumba nyuma ya maduka ya vitambaa, akaweka kompyuta tatu na laini ya simu, akanichukua nimchapie barua za wateja. Aliwaambia watu, "Kiingereza cha huyu binti kinatembea chenyewe." Nilimwamini. Nilikuwa na madaftari matano ya riwaya chini ya godoro, na niliona kila karatasi tupu imeletwa duniani kwa ajili yangu.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa. Kiwanda cha kukamua alizeti kilichokuwa mali ya umma kilipata tajiri, na tajiri alikuja na neno lake: kupunguza. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa mashine ya kukamua. Wenzake wengi walikuwa wamepunguzwa, yeye alikuwa bado, kwa sababu aliijua mashine ile kama mtu anavyomjua ng'ombe wake wa maziwa. Akiisikia inavyonguruma alijua inaumwa wapi. Alinilea tangu baba alipofariki. Bibi, mkewe, watoto wake wanne na mimi, wote tulikula kutoka kwenye mashine ile. Usiku tulilala na harufu ya mashudu iliyokuwa kwenye nguo zake, na hakuna aliyeiona ni harufu mbaya.

Sidii ya gemu aliileta yule jamaa mwenye chumba. Haikuwa gemu zima. Ilikuwa demo, sehemu ya kwanza tu, ya kuonjesha: shujaa anashuka pangoni, anapigana na mifupa inayotembea, anaokota upanga bora kuliko wa kwanza, ngozi bora, dawa ya kurudisha damu, anazidi kupata nguvu. Ndani ya wiki moja chumba kilijaa wanaume wazima. Walisimama nyuma ya mchezaji mpaka pumzi zao zikaweka ukungu kwenye skrini.

"Huyu anatembea kama amechomwa mwiba," alisema muuza nyama wa sokoni, ambaye hakukosa hata siku moja.

"Usimcheke. Yuko vitani tangu jana na hajala."

"Shika mausi vizuri, wewe. Hiyo siyo shingo ya mbuzi."

"Ningekuwa nimeshika shingo ya mbuzi ungekuwa umeshalipa."

Baba mdogo alifika asubuhi moja kuchapisha ombi la kipuri. Lori la magunia ya alizeti kutoka Mgori lilikuwa limechelewa, mashine imesimama, amemwachia msaidizi. Nilipokuwa nachapa, alitazama skrini ya jirani akiwa amefumbata mikono nyuma. Aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: kwamba mifupa ile ilirudi nyuma hatua moja kabla ya kupiga.

"Mama," aliniambia, kwa kuwa nina jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine, "na mimi naweza kujaribu?"

Nikafurahi. Nikamvutia kiti.

Kabla ya kufungua pango, gemu lilidai fomu kwa kila mchezaji mpya. Ilikuwa ya Kiingereza, na kazi ya kuitafsiri na kuijaza ilikuwa yangu. Jina, jina la baba, umri, anwani, kazi, mwajiri, watu wangapi nyumbani. Chini kabisa palikuwa na maandishi madogo kwamba sehemu zenye nyota tu ndizo za lazima. Niliyasoma siku ya kwanza nikayapita. Kwetu hakuna anayeacha nafasi tupu kwenye fomu. Fomu ya zahanati yenye nafasi tupu hurudishwa, ya shule hurudishwa, ya mahindi ya njaa hurudishwa na wewe unarudi nyuma ya foleni. Kwa hiyo niliwauliza kila kitu nao wakanijibu kila kitu, wamenyooka kama walioitwa ofisini. Wengine walinipa mpaka jina la balozi wao wa nyumba kumi, na kwa kuwa hapakuwa na sehemu yake nililiweka kwenye anwani. Masanduku ya posta hawakuwa nayo. Walitoa ya shule, ya msikiti, ya misheni. Baba mdogo alitoa la kiwanda, kama wafanyakazi wote.

Sehemu ya mwisho iliuliza: unacheza wakati gani, na unajisikiaje unapocheza? Ilikuwa na nafasi kubwa, mistari sita.

"Andika asubuhi," alisema. "Magunia yakichelewa."

Basi, hayo tu. Maneno manne. Lakini mimi nilikuwa na mistari sita na Kiingereza kinachotembea chenyewe. Niliandika kwamba anakuja kila asubuhi, mashine kuu inapolala na bwana mwenye mali yuko mbali. Kwamba pangoni husahau kiwanda kana kwamba hakijawahi kujengwa. Niliisoma sentensi ile mara mbili kwa raha. Hakuuliza nimeandika nini kirefu hivyo. Alikuwa tayari ameshika mausi, na mkono wake mzito wa fundi ulikuwa umetulia juu yake kama juu ya kifaranga.

Alirudi mara tatu au nne kwa wiki, kila lori lilipochelewa. Alikuwa wa kwanza mjini kufika mwisho wa demo. Shujaa alifika kwenye mlango wa chuma, mlango ukafunguka kidogo, mwanga mwekundu ukatoka, halafu skrini ikawa nyeusi na maandishi yakaja. Niliyatafsiri: gemu zima linapatikana madukani.

"Maduka gani?" aliuliza muuza nyama.

Mtu mmoja alichungulia nje, kwenye maduka ya vitambaa.

"Yaani tumepigana wiki tatu kufika mlangoni, halafu tunaambiwa twende dukani?"

"Wametuonyesha mchuzi wakafunika sufuria."

"Na jina la marehemu baba yangu nimewapa."

Hilo la mwisho lilisemwa kwa kicheko, lakini kicheko kilikatika katikati. Watu walitazamana. Mwenye chumba akasema laini ya simu inapowashwa fomu huenda zenyewe kwa wenye gemu, ni utaratibu. Muuza nyama akamuuliza ni utaratibu wa nani. Walitoka wakiwa wamenuna, na nilidhani wamenunia mlango.

Kadi zilikuja baada ya miezi miwili hivi. Hazikuwa barua, zilikuwa kadi tupu za posta, bila bahasha, zenye picha ya dude la mapembe upande mmoja, na upande wa pili majibu ya mtu yote yamechapwa, neno kwa neno, na ombi kwamba ahakiki kama taarifa zake ni sahihi. Kadi ya muuza nyama ilipitia sanduku la msikiti, na mwalimu wa madrasa aliishika kwa ncha za vidole akimuuliza mbele ya watoto huyu mwenye mapembe ni nani wake. Umri aliojipunguzia ulijulikana sokoni kabla ya adhuhuri.

Ya baba mdogo ilipitia kiwandani.

Kiwandani barua zilitolewa asubuhi mstarini, wafanyakazi wakihesabiwa kabla ya zamu. Karani aliita jina, mtu akatoka, akachukua. Barua yenye bahasha ilibaki siri ya mwenyewe. Hii haikuwa na bahasha, na karani, kijana aliyejivunia Kiingereza chake kama mimi nilivyojivunia changu, aliisoma kwanza kwa macho, halafu akaisoma kwa sauti, akiitafsiri. Tajiri alikuwa amesimama pale. Msaidizi wa baba mdogo ndiye aliyenisimulia.

"Mashine kuu inapolala," karani alisoma, "na bwana mwenye mali yuko mbali."

Mstari mzima ulicheka. Halafu akasoma la kusahau kiwanda, na hakuna aliyecheka.

"Haya ni maneno yako?" tajiri aliuliza.

Baba mdogo aliitazama kadi, ambayo hakuweza kuisoma. Alisema, "Jina ni langu."

Nilipopata habari kwamba ameachishwa kazi nilikimbilia kwanza kwa mwenye chumba. Nilimwambia afute. Aliendelea kula karanga.

"Nifute nini? Yameshaondoka na simu. Yako Ulaya huko."

"Waandikie warudishe."

"Binti, nani alikutuma ujaze mpaka mstari wa mwisho? Zenye nyota ndizo za lazima. Si umesoma wewe?"

Muuza nyama alikuwa mlangoni. "Msitupiane lawama," aliniambia. "Yeye alifungua mlango, wewe ukatuvua nguo." Akatema mate vumbini, akaondoka. Hakurudi pale tena, wala mimi.

Nilikwenda kiwandani. Tajiri alinipokea ofisini, kadi iko mezani, dude la mapembe likitazama dari.

"Mimi ndiye niliyeandika," nilisema. "Yeye alisema asubuhi, magunia yakichelewa. Mengine nimeyatunga."

"Kwa nini uyatunge?"

"Nafasi ilikuwa kubwa," nilisema.

"Alikuwa anakuja huko asubuhi au hakuwa anakuja?"

"Magunia yakichelewa."

"Sikukuuliza magunia."

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimedanganya kwa mistari sita bila kuombwa, na sasa, palipohitajika uongo mmoja mfupi, sikuupata. Nikasema alikuwa anakuja.

Tajiri aliichukua kadi, akaisoma tena taratibu. Nadhani aliifurahia. "Unaandika vizuri," alisema. "Karani wangu ana makosa mengi. Ukichoka kukaa nyumbani, njoo uchape barua hapa."

Jioni ile baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, viatu vya kazi bado miguuni, ingawa hakuwa tena na kazi ya kuvivalia. Nilimweleza yote, hata la mwisho. Mama mdogo, mkewe, ndiye aliyejibu, akiwa anapepeta mtama, bila kusimamisha ungo.

"Nenda."

"Siwezi, mama mdogo."

"Nenda ukachape. Umemtoa mtu mmoja, ingia mmoja. Watoto hawa watakula hayo madaftari yako?"

Bibi aliongea kwa Kinyaturu, haraka, akimkemea. Mama mdogo alimjibu kwa Kiswahili ili nami nisikose hata neno moja. "Mama, niache. Huyu alimuuza baba yake kwa sentensi nzuri."

Nilikwenda. Sikwenda kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu siku ya tatu mboga ilikosa mafuta, katika nyumba iliyokuwa haijawahi kukosa mafuta. Nilipewa meza chini ya dirisha linalotazama uwanja wa kupakulia. Nilichapa barua za wanunuzi, za vipuri, na orodha za majina ya wafanyakazi waliobaki. Niliziandika fupi. Mtu akiniambia maneno manne, niliandika manne.

Wiki ya pili magari ya Mgori yalikuja mengi kwa pamoja, msimu umekolea, na msimamizi akatoka getini kuchukua vibarua wa kushusha. Vibarua hawaandikwi majina. Msimamizi huwanyooshea kidole: wewe, wewe, na wewe mrefu. Nilimwona baba mdogo katikati yao. Msimamizi alisita kidogo, maana alikuwa amefanya naye kazi miaka, halafu akamnyooshea kidole kama wengine.

Nilitoka nje. Alikuwa anapita na gunia mabegani, shingo imeinama, vumbi la alizeti limemwota kwenye nyusi kama mvi. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma vibaya. Hata mimi nisiyejua kitu nilisikia kwamba inakwaruza. Yeye lazima alisikia. Hakugeuza kichwa.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema.

Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mtu wa kwetu akiiacha shikamoo ya mtoto wake chini. Hata aliyekasirika huijibu, kisha ndipo hukuchapa. Alisimama kiasi cha kusawazisha gunia. Akanitazama, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalinitazama kwa tahadhari, kama mtu anayetazama kitu kinachoweza kurekodi. Kisha akafunga mdomo, akapita, akaenda kuutupa mzigo wake juu ya mingine.