Odeta na Mapigo Hamsini

Odeta aliingia kwenye gofu kupitia kwaya. Kanisa lao lilialikwa kuimba siku ya kufungua kiwanja kidogo cha mashimo tisa, njia ya kwenda Misungwi, na baada ya wimbo wa tatu wageni wakaruhusiwa kujaribu fimbo. Odeta, ambaye mikono yake ilikuwa imegeuza dagaa juani kwa miaka ishirini, alipiga mpira ukapita juu ya mwamba mkubwa kama nyumba. Siku hiyo sauti ya pili ilipoteza mwimbaji.

Miaka miwili baadaye alikuwa akipiga mbali kuliko wanaume wengi wa klabu, jambo ambalo wanaume hao walilipokea kwa ukomavu, yaani hawakulizungumzia. Tatizo lilikuwa karibu na shimo. Zikibaki hatua kumi, mkono uleule ulisahau kazi yake. Mpira ulivuka shimo kwenda kushoto, ukarudi, ukavuka tena kwenda kulia. Shimo moja liliwahi kumla mapigo kumi na moja.

Basi kapteni wa klabu, Mzee Nathaniel, karani mstaafu wa reli aliyezitunza sheria za gofu kama watu wanavyotunza hati ya nyumba, akatangaza kwamba timu ya kwenda kucheza Arusha imebakiza nafasi moja. Odeta angeipata iwapo Jumamosi inayofuata angemaliza mashimo tisa kwa mapigo yasiyozidi hamsini.

"Shikamoo kapteni. Na nikipata hamsini na moja?"

"Marahaba. Hamsini na moja utabaki kutuombea safari njema."

Odeta hakuwahi kutaka kitu namna hii, ukiacha watoto, na hata watoto hakuwataka wote kwa kiwango hicho.

Kwenye video za simu, wachezaji wa mbali walionyesha vifaa vyao vya mazoezi: reli za plastiki za kunyoosha mpira, vioo vya kulaza chini, vineti vya kudakia. Odeta akatazama eneo lake la kuanikia dagaa, jirani na Kirumba, akaona ameshazungukwa na duka zima. Fito mbili za chanja zikawa reli. Kitenge kilikunjwa kikabanwa kwapani, na kikidondoka, pigo limeharibika. Mabeseni matatu yalipangwa mchangani hatua tano, kumi na kumi na tano. Mipira ikakaa kwenye kiroba cha dagaa, kwa kuwa viroba vya aina nyingine hapo havipo.

Jirani yake Mwaija, anayeanika upande wa pili wa kamba, alihudhuria mazoezi yote kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia.

"Mama Jonathan, hilo beseni la mwisho lina dagaa wangu," alimwambia Odeta.

"Mbona nimelikosa?"

"Ndiyo nasikitika. Dagaa ningesamehe, kama ungekuwa unaendelea vizuri."

Kufikia Alhamisi, mipira minane kati ya kumi ilitua ndani ya beseni. Mwaija alipiga vigelegele mpaka mnunuzi mmoja akauliza nani anaolewa.

Jumamosi Mwaija akafunga kazi akaja kushuhudia. Kiwanja chenyewe hakina nyasi za kunyolewa kuzunguka mashimo; kina mchanga uliokorogwa na oili chafu, ukasawazishwa. Odeta alimaliza mashimo manane kwa mapigo arobaini na saba. La tisa ni fupi. Pigo la kwanza likafika jirani. La pili likanyanyuka kwa adabu, likatua mchangani, likasimama.

Hapo ndipo alipotua korongo, yule ndege mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye Mwanza nzima hakuna harufu ya dagaa isiyomhusu. Aliudokoa mpira, akautafakari, akazunguka nao shimo mara mbili, akaruka nao kuelekea ziwani.

Mzee Nathaniel alifungua kijitabu bila haraka. "Mpira ukichukuliwa na mnyama, unaweka mwingine pale ulipokuwa. Hakuna adhabu. Ulikuwa wapi?"

"Shubiri moja kutoka shimoni," alisema Mwaija. "Nimeuona kwa macho yangu yote mawili."

"Wewe ulikuwa umefumba macho, mama."

"Kwa maombi, mzee. Maombi yanaona."

Odeta alikuwa ameshainama. Miaka ishirini alikuwa akisoma mchanga kila asubuhi kujua dagaa wameliwa na bata, paka au jirani. Njia ya mpira ilikuwa nyembamba, ikaishia mahali ambapo nyayo za ndege zilianzia. Alipima kwa miguu. Hatua mbili na nusu.

"Hapa," alisema.

"Mama Jonathan," Mwaija alinong'ona, "nani amekuuliza?"

Akaweka mpira mwingine. Akabana viwiko mbavuni. Akapiga. Mpira ulikwenda taratibu, ukafika ukingoni, ukasitasita kama mgeni mlangoni, ukaingia.

Mwaija alikimbia kuzunguka kibendera bila viatu, akimbeba Odeta nusu njia, wakaanguka wote wawili wakicheka, oili kwenye vitenge. Mzee Nathaniel aliandika hamsini, akapiga mstari chini yake kwa rula.

"Hongera, mwanangu. Jiandae sasa. Arusha kuzunguka mashimo ni nyasi, zimenyolewa, zinateleza kama sakafu. Umewahi kuzichezea?"

"Sijawahi," alisema Odeta akiwa bado amelala chali, na akazidi kucheka.